Sahani ya Mgonjwa Aliyeshonwa Utumbo

Hotuba hii ilitolewa jijini Mwanza mbele ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa utumbo, jamaa wanaowauguza na wauguzi wa wodi za upasuaji. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mwenyekiti, madaktari na wauguzi, wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu zangu ambao mmefika ukumbini hapa mkiwa bado na mishono tumboni: wakubwa shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie virutubisho nyongeza, yaani vidonge, unga na vinywaji vinavyouzwa kwa ahadi ya kuponya kidonda haraka. Nitavizungumzia, wala sitavidharau, kwa kuwa vimo ambavyo vina kazi ya kweli. Lakini mimi ni afisa lishe, na kila saa ya kuona wagonjwa inapofika wodini huona jambo lile lile: ndugu wa mgonjwa ameuza kuku wawili ili anunue kopo la vidonge, na mgonjwa mwenyewe tangu asubuhi amekunywa kikombe cha chai ya rangi na uji mwepesi unaopita kwenye mrija. Je, kidonda cha huyu mtu kitajengwa kwa nini? Hilo ndilo swali langu la leo, na kila nitakalosema litarudi hapo.

Tuanze na kile kinachotokea ndani. Daktari anapokata kipande cha utumbo kilichooza, kilichotoboka au chenye uvimbe, huzileta pamoja ncha mbili zilizobaki na kuzishona. Uzi haumponyi mgonjwa. Uzi unazishikilia tu ncha zile mpaka mwili wenyewe uziunganishe, na mwili huziunganisha kwa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Mwaka 1887 mpasuaji wa Marekani, William Halsted, alionyesha kwamba nguvu ya utumbo imo katika tabaka lililo chini ya utando wa ndani, na tabaka hilo limejaa kolajeni. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo hatari ilipo: katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, kolajeni ya zamani iliyo kwenye kingo za jeraha huvunjwa kwa kasi kuliko mpya inavyotengenezwa. Kwa hiyo maungio ya utumbo hayawi dhaifu zaidi siku ile ya kushonwa. Huwa dhaifu zaidi siku ya tatu, ya nne na ya tano, wakati ambapo uzi pekee ndio unaobeba kazi yote. Na siku hizo hizo ndizo ambazo wengi wetu huwaacha wagonjwa wetu na njaa.

Kolajeni hutengenezwa kwa protini, protini hutoka kwenye chakula, na chakula kisipoingia mwili huchukua protini kutoka kwenye misuli ya mgonjwa mwenyewe. Mnawaona wanavyokonda mapaja na mabega ndani ya wiki moja. Msidhani ni ugonjwa peke yake unaowala. Mwili unabomoa msuli ili upate cha kushonea tumbo, na msuli ukishapungua, mgonjwa hawezi kukohoa kwa nguvu akatoa makohozi, hawezi kusimama akatembea, na mapafu nayo huanza kuugua.

Jambo la kwanza ninalotaka mlibebe, basi, ni kwamba kupona kwa kidonda huanza kabla ya kisu. Mwaka 1936, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mpasuaji aitwaye Hiram Studley aliwaangalia wagonjwa 46 waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Aliangalia umri wao, moyo wao, mapafu yao, aina ya upasuaji na ustadi wa mpasuaji. Kisha akaangalia jambo ambalo wengi hawakuwa wakilijali: uzito waliopoteza kabla ya kuletwa mezani. Miongoni mwa waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao, mmoja kati ya kila watatu alifariki. Miongoni mwa waliopoteza chini ya hapo, waliofariki walikuwa asilimia 3.5. Hao wote waliugua ugonjwa mmoja, lakini hatima zao zilipishana kwa umbali huo.

Mtaniambia kwamba hayo ni ya zamani, ni ya Marekani, na yalihusu tumbo la chakula wala si utumbo. Ni kweli. Lakini mwangalieni kijana anayeletwa kwetu utumbo ukiwa umetobolewa na homa ya matumbo. Kutoboka huko huja mara nyingi katika wiki ya pili au ya tatu ya ugonjwa. Maana yake ni kwamba kabla hajafika mezani ameshakaa wiki mbili na homa, hali chakula, anatapika, na nyumbani wamemtibu kwanza malaria. Yeye hawezi kusubiri. Tundu la utumbo halimpi mtu muda wa kunenepeshwa. Lakini mama mwenye uvimbe kwenye utumbo mpana, ambaye amepangiwa tarehe ya upasuaji mwezi ujao, yeye muda anao, na muda huo ni dawa. Miongozo ya lishe ya wapasuaji wa Ulaya inasema kwamba mgonjwa aliyedhoofu sana alishwe kwa siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata kama tarehe italazimika kusogezwa. Nawaomba sana: mkipewa tarehe, msirudi nyumbani kungoja tu. Ulizeni uzito, uandikwe, kisha mlisheni mgonjwa wenu kila siku mpaka siku hiyo.

Nitoe tahadhari moja hapo hapo. Mtu ambaye hajala kitu cha maana kwa siku nyingi hashindiliwi chakula kwa siku moja. Mwili wake, ukipokea wanga kwa ghafla, huvuta madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Mtu wa namna hiyo huanzishwa kidogo kidogo, hupewa vitamini B1 kabla ya kulishwa, na damu yake hupimwa. Huyu ni mgonjwa wa kulishwa hospitalini, si wa kulishwa kwa huruma ya jirani.

Nije kwenye jambo la pili, ambalo limeleta ubishi mwingi wodini kuliko mengine yote: mgonjwa aliyeshonwa utumbo ale lini?

Wazee wetu wa kazi hii walifundishwa kwamba utumbo ulioshonwa unapaswa kupumzishwa. Mgonjwa asile wala asinywe mpaka atoe hewa, mpaka tumbo lisikike likinguruma, na wakati mwingine hiyo ilikuwa siku ya tano au ya sita. Alikuwa akiwekewa dripu ya maji yenye sukari, na jamaa zake waliamini kwamba dripu ile ni chakula. Jamani, lita moja ya dripu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, sawa na nishati ya takriban kilokalori 200, na haina hata chembe moja ya protini. Mtu mzima wa kilo 60 anayepona upasuaji anahitaji kilokalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku. Je, dripu ile inamlisha nani?

Na hoja ya kupumzisha utumbo yenyewe haisimami. Hata usipomeza tonge, mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe hufikia takriban lita saba kwa siku, na sehemu kubwa ya hayo hupita juu ya mshono ule ule tunaodhani tunauhifadhi ukiwa mkavu. Utando wa ndani wa utumbo hujibadilisha upya kila baada ya siku chache, na seli zake hujipatia sehemu kubwa ya lishe yao kutoka kwenye chakula kinachopita. Utumbo mtupu hupungua, hudhoofu, na ulinzi wake dhidi ya bakteria hulegea.

Katika miaka ya 1990, mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, aliziangalia desturi hizi moja moja na kuuliza ipi ina ushahidi. Wagonjwa wake waliokatwa utumbo mpana walitulizwa maumivu kwa njia ambayo haikuulaza utumbo, waliinuliwa kitandani mapema, walipewa kinywaji na chakula mapema, na wengi wao waliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku mbili au tatu, badala ya wiki moja au zaidi. Kutokana na kazi hiyo, na tafiti nyingi zilizofuata, leo miongozo inakubali kwamba wagonjwa walio wengi waanze kunywa na kula ndani ya saa 24 baada ya upasuaji wa utumbo uliopangwa. Kula mapema hakukuongeza kuvuja kwa maungio. Narudia, kwa sababu hofu hii ndiyo inayowazuia hata wauguzi wazuri: kula mapema hakukuongeza kuvuja kwa maungio.

Sisemi kila mgonjwa. Anayetapika, ambaye tumbo limejaa na kukaza, ambaye shinikizo la damu bado linashikiliwa kwa dawa, au ambaye daktari amesema kwa sababu maalumu asile, huyo asubiri. Lakini sababu hiyo iandikwe kwenye faili. Asiachwe bila chakula kwa kuwa tu hakuna aliyekumbuka kusema ale. Na kule kufunga kabla ya upasuaji nako kuangaliwe: mgonjwa wa upasuaji uliopangwa, ambaye utumbo wake haujaziba, anaruhusiwa chakula mpaka saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji au chai ya rangi isiyo na maziwa mpaka saa mbili kabla. Nimewaona waliofunga tangu magharibi, zamu yao ikasogezwa mpaka alasiri, kisha wakaambiwa warudi kesho wafunge upya. Hiyo ni njaa ya siku mbili ambayo haikumsaidia mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye vidonge, na nianze na kisa cha mtu mmoja jasiri. Mwaka 1939, mjini Boston, daktari kijana wa upasuaji aitwaye John Crandon aliamua kujifanyia jaribio mwenyewe. Alikula chakula kisicho na vitamini C kabisa, bila matunda wala mboga mbichi, kwa takriban miezi sita. Baada ya miezi mitatu alichanjwa jeraha mgongoni. Vitamini C katika majimaji ya damu yake ilikuwa imekwisha zamani, lakini jeraha lile likapona vizuri. Akaendelea. Akachoka, akakonda, ngozi ikaanza kutoa madoa ya damu. Ilipokaribia miezi sita alichanjwa tena, na safari hii jeraha halikupona: juu ngozi ilionekana imefunga, lakini chini yake hapakuwa na chochote kilichoungana. Akadungwa vitamini C, na baada ya siku kumi jeraha likawa linaungana.

Kisa hiki kinatufundisha mambo mawili, na watu hupenda kuchukua la kwanza na kuliacha la pili. La kwanza ni kwamba bila vitamini C mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara. Nyuzinyuzi zake hazisokotani. La pili ni kwamba ilimchukua mtu mwenye afya miezi mingi ya kunyimwa kabisa ndipo jeraha lilipogoma, na kwamba alichohitaji kilikuwa kurudishiwa kilichopungua. Hakuna kitu katika jaribio lile kinachosema kwamba mtu ambaye hajapungukiwa, akimeza mara kumi, atapona mara kumi. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na mgonjwa mwenye jeraha kubwa anahitaji zaidi kiasi. Pera moja la ukubwa wa kawaida, lile linaloanguka chini ya mti na kuliwa na watoto, humpa zaidi ya hapo. Chungwa moja humpa sehemu kubwa ya hiyo. Lakini mchicha uliochemshwa mpaka ukabadilika rangi, maji yake yakamwagwa, hubaki na kidogo sana.

Zinki nayo ni hivyo hivyo. Seli haziwezi kugawanyika bila zinki, na mtu aliyeharisha kwa muda mrefu, au anayetoa maji mengi kupitia tundu ambalo daktari amemfungulia tumboni ili choo kipite hapo, hupoteza zinki nyingi. Huyo apewe. Lakini asiyepungukiwa, akimeza zaidi ya miligramu 40 kwa siku kwa wiki nyingi, huzuia mwili kufyonza shaba, na hatimaye huishiwa damu. Vitamini A husaidia kidonda cha mtu anayetumia dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, lakini ikizidi huumiza ini, na kwa mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mnaona mpangilio wake? Nyongeza inafanya kazi pale penye pengo. Pasipo na pengo haina pa kuingia, na wakati mwingine inaleta madhara.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa glutamini. Ni asidi ya amino, yaani moja ya vipande vidogo vinavyojenga protini, ambayo seli za utumbo huitumia kama nishati, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba mgonjwa mahututi akiongezewa atapona upesi. Ilikuwa hoja nzuri. Mwaka 2013 matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha wagonjwa mahututi zaidi ya 1,200 yalitangazwa, na waliopewa glutamini kwa wingi walifariki zaidi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia kwamba kopo lake lina chakula cha seli za utumbo, huenda anasema kweli, na bado lisimfae mgonjwa wako.

Vipi kuhusu vile vinywaji vya lishe vya hospitali, vyenye protini na nishati nyingi ndani ya chupa ndogo? Hivyo naviunga mkono, kwa mgonjwa ambaye hawezi kumaliza sahani. Anakunywa kidogo kidogo kati ya mlo na mlo, wala havichukui nafasi ya mlo. Ni chakula kilichofupishwa, na ndiyo maana vinasaidia. Tatizo lake ni bei, na kwa hiyo nataka tukae kidogo kwenye jiko letu wenyewe.

Mgonjwa wa kilo 60 anayepona upasuaji wa utumbo anahitaji takriban gramu 90 za protini kwa siku, ambazo ni gramu moja na nusu kwa kila kilo. Kikombe cha uji mwepesi wa mahindi kina gramu moja au mbili. Mnataka anywe vikombe vingapi? Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa au mtindi ina gramu 8. Kipande cha sato cha gramu 100 kilichopikwa kina takriban gramu 25. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Na dagaa wetu wa ziwa hili, waliokaushwa vizuri bila mchanga, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini: viganja viwili vya gramu 30, wakisagwa na kuchanganywa kwenye uji au mchuzi, vinampa karibu gramu 18. Mayai mawili, glasi mbili za maziwa, kipande cha samaki, kikombe cha maharage na dagaa wale, ukijumlisha na kinachotoka kwenye ugali au ndizi, umefika. Maharage yasianze siku za kwanza, kwa kuwa huleta gesi kwenye tumbo ambalo bado ni zito. Anza na mayai, mtindi na samaki, kisha uyaingize baada ya siku chache.

Kuna supu. Najua nitawaudhi baadhi ya mama zangu, kwa sababu supu ya mifupa ni heshima tunayompa mgonjwa, na sisemi msimletee. Ina chumvi, ina maji, inafungua hamu ya kula. Lakini protini iliyo nyingi imebaki kwenye nyama, na nyama ile mara nyingi huliwa na mleta supu, kwa kuwa mgonjwa amekunywa "nguvu" yake. Mpeni supu na nyama yake, ikiwa imepondwa au imechambuliwa laini. Na wale wanaomkataza mgonjwa mayai kwa hofu kwamba kidonda kitatunga usaha, nawasihi kwa upole: usaha huletwa na bakteria, na askari wa mwili wanaopambana na bakteria hao hutengenezwa kwa protini ile ile mnayomnyima. Yai liive tu, lisiwe bichi.

Mgonjwa akisema ameshiba baada ya vijiko vitano, msimlaumu, wala msifunge hotpoti. Rudini baada ya saa mbili na vijiko vingine vitano. Mara sita kwa siku kidogo kidogo ni bora kuliko sahani moja kubwa inayorudi nyumbani nusu. Sukari ya mwenye kisukari idhibitiwe, na sigara iachwe kabisa. Hivyo viwili nisiseme zaidi, madaktari wamekwisha kuvieleza asubuhi.

Nimalizie na ninyi ambao mmeondoka wodini mkiwa na mfuko wa choo, au mmekatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo. Ambao utumbo mdogo umefunguliwa tumboni kwenye mfuko na unatoa maji mengi, msijaribu kukata kiu kwa maji matupu kwa wingi, kwa sababu maji yasiyo na chumvi huvuta chumvi ya mwili ndani ya utumbo na kuitoa nje kwenye mfuko, nanyi mnazidi kukauka. Kunyweni ORS, ikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mkiona mkojo umekuwa mchache na mwili unaishiwa nguvu, rudini hospitali siku hiyo hiyo.

Na kuna vitamini B12. Hufyonzwa mahali pamoja tu, mwishoni mwa utumbo mdogo, sehemu ile ile ambayo homa ya matumbo hupenda kuitoboa. Aliyekatwa zaidi ya sentimita 60 za hapo hataifyonza tena vya kutosha, hata ale maini kila siku, na vidonge vya kawaida vyenye dozi ndogo havitamtosha. Anahitaji sindano kila baada ya miezi michache, maisha yake yote. Lakini ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa. Mtu huyu atatoka hapa mzima, atalima, atafanya biashara, na baada ya miaka mitatu au minne ataanza kufa ganzi miguuni na kuishiwa damu, naye atakwenda kwenye zahanati ambako hakuna anayejua kwamba aliwahi kukatwa utumbo, wala yeye mwenyewe hatahusisha mambo hayo mawili. Mishipa ya fahamu ikishaharibika kwa muda mrefu, sindano haiirudishi yote. Kwa hiyo madaktari na wauguzi mlio hapa, naomba karatasi ya ruhusa iandikwe wazi ni sehemu gani ya utumbo iliyokatwa na ni sentimita ngapi. Na ninyi ndugu zangu, kabla hamjabeba mizigo kutoka wodini, isomeni karatasi hiyo, na kama haikuandikwa, rudini kwa daktari mumwombe aiandike.